Masika yakiisha, mlima bado haujakauka

Mwalimu mmoja anayetusikiliza kutoka upande wa Kidodi ametuuliza swali ambalo huja kila mwaka majira kama haya: mvua zikishakatika, asubiri siku ngapi kabla ya kuwapeleka wanafunzi wake maporomoko ya Sanje? Anataka kupanga safari tatu kabla ya vuli, na wazazi wanataka tarehe ili waanze kuchanga.

Hakuna idadi ya siku tunayoweza kumpa. Tutaeleza kwa nini.

Milima ya Udzungwa imefunikwa na msitu mnene, na udongo wake hunywa maji ya masika kuanzia Machi hadi Mei. Mvua ikikatika bondeni, udongo ule huendelea kuyaachia maji kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ndiyo maana mito ya huku haikauki kiangazi, na ndiyo maana njia za mlimani hubaki na utelezi wakati mashamba ya chini yameanza kupasuka nyufa. Isitoshe, mawingu hukwama kwenye vilele. Mikumi mjini mnaweza kuwa mnaanika mpunga huku juu mvua inanyesha.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mwaka mmoja tulipanda mwanzoni mwa Mei, jua likiwaka vizuri tu barabarani. Asubuhi tulivuka kijito kwa kuruka juu ya mawe. Saa nane mchana tulirudi tukakuta mawe yote yamefunikwa, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na hakuna hata tone lililokuwa limetuangukia sisi. Tulikaa ng'ambo mpaka jioni yakapungua, kisha tukashuka gizani kwa mwanga wa simu. Tulikuwa wanne, simu mbili zilikuwa zimezima chaji.

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa hili. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukang'oa njia ya reli na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Mto ule hukusanya maji ya mbali, ya milimani na ya upande wa Dodoma. Anayetazama mawingu ya juu ya paa lake tu hawezi kuujua.

Kwa hiyo, mwalimu, pima maji na udongo, siyo kalenda. Maji yakiwa ya rangi ya udongo, yakibeba majani na vijiti, au yakipita magoti huku yanakwenda kasi, msivuke. Sauti ya kijito ikibadilika ghafla, tokeni kwenye korongo kwanza, maswali baadaye.

Wenzetu wa nchi za baridi wana masika ya namna yao. Mwezi Machi na Aprili, baridi inapoanza kuondoka Ulaya na Marekani, milima bado imelala chini ya theluji. Wapanda milima hufunga chini ya buti vifaa vipana kama ungo, ili uzito wa mwili usambae na mguu usizame. Hutembea hivyo safari fupifupi, huku wakipanga safari ndefu za miezi ya joto theluji itakapoyeyuka. Ungo huo hautasaidia kwenye tope letu, maana kinachotuangusha ni kuteleza. Fimbo imara na raba zenye meno ndizo dawa. Kandambili ziacheni nyumbani. Lakini ule mpango wao wa kuanza na fupi unafaa kuigwa.

Mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni tembeeni vilima vya karibu na kijijini, saa mbili tatu tu, miguu izoee. Angalieni upupu: huu ndio wakati maganda yake yanaanza kukauka, na upepo mdogo unatosha kuwaharibia siku. Sanje ipangeni baada ya hapo. Maporomoko yana urefu wa takriban mita 170, na kwenda na kurudi kwa mwendo wa wanafunzi ni nusu siku. Safari ya kilele cha Mwanihana ni jambo lingine kabisa. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mnalala msituni, na watu wazima waliozoea ndio wanaoiweza. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi sita, na Julai ni kipupwe. Blanketi moja kwa watu wawili litawagombanisha. Kwa familia za wakulima, Agosti ni bora kuliko Juni, kwa sababu mavuno yameingia ndani na ada imepatikana.

Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na ndani yake hakuna barabara za magari. Mnatembea kwa miguu, mkiongozwa. Tembo na nyati wapo. Pigeni simu makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, wiki moja au mbili kabla, mpate bei ya Watanzania na ya wanafunzi, muulize pia hali ya njia. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, hivyo msifike na noti mkononi mkitegemea kulipa langoni. Wanaotaka kupanda misitu ya hifadhi ya Rubeho na Ukaguru waanzie ofisi ya TFS. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi msikatize kwa miguu, hata kama njia inaonekana fupi.

Utabiri wa TMA tunausoma hewani kila jioni. Sikilizeni wa mkoa mzima wa Morogoro na wa jirani zake, msiishie wilaya yenu. Asubuhi ya safari mwachieni mwenyekiti wa kitongoji majina na saa ya kurudi, kwa sababu chini ya miti ile mtandao hukatika. Na saa sita mchana ikifika hamjaona maporomoko, geuzeni. Wanafunzi watanung'unika mpaka barabarani.