Mwalimu, Joka Iko Kweli?



Siku moja niliwasomea watoto wa darasa la tatu hadithi ya joka lenye vichwa saba. Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, joka iko kweli, ama unatudanganya?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikosa jibu, nikamwambia ngoja nitafute. Haya ndiyo niliyopata.

Wachina wana joka lao, tena wanalipenda. Kwao linaleta mvua, na mwaka 2024 ulikuwa mwaka wake katika kalenda yao. Huko Kenya, Waluo wa Nyakach wana chatu anayeitwa Omieri. Akionekana, wazee wanasema mvua na mavuno yako karibu. Mwaka 1987 aliungua moto, habari ikafika nchi nzima.

Ethiopia ni kinyume. Wanasimulia nyoka mkubwa, Arwe, aliyetawala kama mfalme, watu wakimpelekea mifugo na wasichana ale. Angabo akamlisha mbuzi mwenye sumu. Nyoka akafa, Angabo akapewa ufalme.

Na sisi je? Wazee wa Rwanda na Kivu walisema wafu wema wanakwenda kwa Ryangombe, juu ya Karisimbi kwenye baridi, na wabaya wanatupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Joka halimo humo, ila moto umo kweli. Januari 17, 2002 ulishuka ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Mei 22, 2021 ulishuka tena usiku, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Mara zote mbili watu walikimbilia Gisenyi, wengi kwa miguu.

Wazee pia walituachia neno mazuku, upepo mbaya unaoua mtu akilala bondeni. Leo wataalamu wanasema ni gesi nzito inayotoka ardhini na kukaa kwenye mashimo. Wazee hawakujua gesi, lakini waliosikiliza walipona.

Basi niliwaambia watoto wachore joka. Yule aliyeuliza akachora mlima wenye meno. Usiku ule wa 2021 alikuwa mgongoni mwa mama yake. Nilipompelekea mama picha, alinyamaza kidogo, akasema, "Sijawahi kumwambia. Nilifikiri amesahau." Jioni ile akamsimulia yote: nani aligonga mlango, walibeba nini, nani aliwapa maji njiani.

Kesho yake mtoto akaongeza kitu kwenye picha: watu wengi wanatembea, na mmoja ameshika jerikani.

Sasa jibu langu ninalo. Joka lenyewe halipo, ila kitu kilichowatisha watu kipo, na mtoto anakijua hata tukinyamaza. Wazazi, jioni moja wiki hii zimeni redio, muwasimulie. Hapa bibi wengi walibaki nyuma. Hadithi zao ziko kwenu.