Kalamu na Mbwa wa Boma

Msomaji wetu wa Kiwanjani, Isiolo, ana swali. Mdogo wake amefungwa, usingizi hapati, na safari hii ameomba apelekewe daftari na kalamu. Je, kuandika kunapunguza msongo wa mawazo kweli, au ni kusogeza siku tu?

Kunapunguza. Habari za homoni nitaziruka, redio zimezieleza mpaka zimechuja. Nataka tutazame kipande kidogo kilichojificha ndani ya ubongo, kimoja kila upande, chenye umbo la lozi. Wataalamu hukiita amigdala, neno ambalo kwa Kigiriki ni lozi hiyohiyo. Basi tuking'ang'anie Kigiriki cha nini? Tukiite lozi.

Lozi ni mbwa wa boma. Usiku akisikia miiba ya ua inachakarika, anabweka. Hajui kama ni fisi, mwizi au mbuzi wa jirani aliyepotea, na kujua si kazi yake. Ukijifunika blanketi atabweka hadi alfajiri, na kondoo zizini wahangaike naye. Ukimfokea, atanyamaza kidogo kisha aanze upya. Lakini toka na tochi, mulika ua, sema, "Kumbe ni mbuzi wa akina fulani," uone atakavyojilaza. Hata akiwa fisi kweli, mwenye boma sasa yuko nje; mbwa hana tena haja ya kupiga kelele peke yake.

Mwenye tochi ni sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku mashine ikifuatilia ubongo wao. Walipochagua neno la kutaja hisia iliyo usoni, sehemu hiyo ya mbele iliamka na lozi ikapoa. Walipochagua jina tu la kumpa mwenye uso, lozi haikupoa vile. Yaani kinachomtuliza mbwa ni kuitaja hisia yenyewe.

Miaka 21 kabla ya hapo, James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza pamoja na walivyohisi walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Baadaye Pennebaker aligundua kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao siku zilivyosonga walizidi kuandika maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa". Kwa hiyo mdogo wako akiandika "nimechoka", bado yuko ndani ya blanketi. Akiandika "namkasirikia mama kwa sababu naogopa mwanangu atamzoea yeye anisahau mimi", ameshika tochi.

Wala mdogo wako hatakuwa wa kwanza kuandika gerezani. Ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuandika kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti yanajulikana. Wanawake nao wameandika: Nawal El Saadawi, gerezani Qanatir, Misri, mwaka 1981, kwa penseli ya nyusi, na Stella Nyanzi, gereza la Luzira, Uganda, mashairi yaliyotoka kitabuni mwaka 2020.

Ni kweli nafuu ya kuandika kwa wastani ni ndogo, na wengi huumia zaidi saa za kwanza baada ya kuandika.

Hata hivyo, dada, mpelekee daftari, ila uliza getini kwanza wanaruhusu nini. Mwambie aandike kwa lugha anayoiotea ndoto, Kiborana, Kimeru, Kiturkana, yoyote, bila kujali tahajia. Barua za gerezani husomwa na maofisa, kwa hiyo lile zito asiliweke kwenye barua. Aliandike daftarini, kisha alichane akitaka. Na akianza kusema hataki kuishi, usingoje daftari: mwombe ofisa wa zamu ampeleke kwa daktari siku hiyohiyo.