Mapambo ya Resini na Picha za Karatasi: Ufundi kwa Anayeanza, Tahadhari kwa Ngozi

Karatasi haidumu mwambaoni mwa Ziwa Nyasa. Unyevu wa Mbamba Bay na Liuli huikunja picha ya familia iliyotundikwa ukutani, mchwa huila pembeni, na stempu ya barua ya zamani hufifia. Ndiyo maana ufundi wa kuzamisha picha ndogo ya karatasi ndani ya resini angavu, ikawa kidani, hereni au pambo la funguo, humvutia kila anayeuona kwa mara ya kwanza. Picha hukaa kana kwamba imegandishwa ndani ya kioo. Vifaa ni vichache, umeme hauhitajiki, na meza moja inatosha. Kwa kijana wa Mbinga anayesubiri msimu wa kahawa, au mama wa Lituhi anayengoja usipa warudi, ni kazi inayoweza kuanzishwa nyumbani.

Hata hivyo, resini hiyo, kabla haijaganda, ni miongoni mwa vitu vinavyofahamika sana kwa kuleta mzio wa ngozi kazini. Mzio huo ukishaingia mwilini kwa kawaida hautoki. Mwanagenzi asiyejihadhari katika miezi ya mwanzo anaweza kulazimika kuuacha ufundi wake mwenyewe, na tabibu asiyeuliza kuhusu kazi za mikono anaweza kumtibu mgonjwa fangasi asiokuwa nao. Ufundi na hatari yake vinaelezwa hapa kwa pamoja kwa sababu karibu kila kosa linaloharibu kidani huihatarisha ngozi pia.

Resini ni nini

Kwa asili, resini ni utomvu wa mti. Inayotumika katika mapambo ni ya kiwandani, nayo huitwa epoksi. Mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliishughulikia katika miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno bandia. Baadaye kampuni ya Ciba ya Basel iliichukua, na katika miaka ya 1940 ikaiuza kama gundi kwa jina la Araldite, jina ambalo mafundi wa Afrika Mashariki wanalijua hadi leo.

Epoksi huuzwa katika chupa mbili: moja ya resini yenyewe, nyingine ya kigumishi. Katika chupa ya kwanza mna molekuli ndogo. Ile iliyo ya kawaida zaidi ina uzito wa dalton 340 hivi, na wataalamu wa ngozi huhesabu kwamba kitu kilicho chini ya dalton 500 kinaweza kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Katika chupa ya pili mna amini, kemikali kali zinazoweza kuunguza. Vimiminika hivi viwili vikikutana kwa kipimo sahihi, molekuli hushikana moja kwa nyingine mpaka zikawa mtandao mmoja mkubwa usioweza kupenya popote. Hiyo ndiyo sababu kidani kilichoganda barabara hakimdhuru anayekivaa. Kilichoganda nusu ni jambo jingine.

Kuiandaa karatasi

Picha zinazofaa hazikosekani: mashamba ya ngoro kwenye miteremko ya Umatengo, samaki wadogo wa miambani wenye rangi za buluu na njano wajulikanao duniani kwa jina la mbuna, au mchoro mdogo wa mtindo wa Tingatinga, ambao mwasisi wake, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa Tunduru, katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Wengi hupenda sura ya mzazi aliyefariki. Hapo kanuni ni moja: picha ya asili isiguswe. Itolewe nakala, na nakala ndiyo itumike, kwa kuwa kilichozama ndani ya resini hakitolewi tena.

Karatasi hunywa resini kama inavyokunywa mafuta. Ikinywa, huwa na madoa meusi na kuanza kupenyeza mwanga, hata maandishi ya upande wa pili yakaonekana. Picha ya bibi harusi iliyokatwa gazetini inaweza kuishia na matokeo ya mpira usoni. Dawa yake ni kuipaka gundi nyeupe ya maji, ile ya maseremala, iliyozimuliwa kidogo: mkono wa kwanza upande wa mbele, wa pili upande wa nyuma, kisha ukingo wote, na kila mkono ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Ukingo ndio husahaulika, na ndiko resini inakoanzia kuingia. Picha iliyochapwa kwa printa ya leza huvumilia gundi hiyo. Iliyochapwa kwa wino wa maji huchuja rangi, hivyo kipande kisicho na thamani kijaribiwe kwanza.

Gundi ikibaki na unyevu, resini iliyo juu yake hufanya ukungu. Kukausha kwa usiku mzima si kupoteza muda.

Kupima, kuchanganya na hali ya hewa

Kidani cha mviringo chenye upana wa sentimita 2.5 na kina cha milimita 4 huhitaji takriban mililita 2 tu za resini. Udogo huo ndio mtego. Kosa la nusu mililita katika kipimo cha mililita 2 ni robo nzima, na mchanganyiko hautaganda. Ni afadhali kuandaa kalibu kumi kwa pamoja na kuchanganya mililita 20 au 30. Mabomba mapya ya sindano yasiyo na sindano hupima vizuri, moja kwa kila chupa. Yaliyokwisha kutumika hospitalini yasiokotwe kamwe.

Uwiano umeandikwa kwenye chupa, nao hutofautiana: bidhaa moja hutaka sehemu sawa, nyingine mbili kwa moja, nyingine hupimwa kwa uzito wala si kwa ujazo. Wanaoanza hudhani kwamba kigumishi kikizidishwa kazi itakauka upesi. Katika resini ya poliesta inayotumika kwenye boti za faiba, kiasi cha kichocheo huathiri mwendo wa kuganda. Katika epoksi sivyo. Kigumishi kilichozidi hukosa wa kushikana naye, kikabaki huru ndani ya pambo, kikiufanya uso wake unate. Mnato huo ni kemikali mbichi inayogusa shingo ya mnunuzi.

Mchanganyiko hukorogwa polepole kwa dakika tatu au zaidi, kijiti kikipita kwenye kuta na kitako cha kikombe. Kwa kalibu ya silikoni, tabaka jembamba humiminwa kwanza. Likianza kushika, picha hulazwa ikiangalia chini, kwa maana sehemu ya chini ndiyo itakuwa uso wa kidani, kisha tabaka la pili hufunika. Kwa kikombe cha chuma kisichotolewa, picha huangalia juu. Viputo vya hewa hutolewa kwa ncha ya kijiti. Kuvipuliza kwa mdomo huingiza unyevu na kuusogeza uso kwenye mvuke.

Hali ya hewa ya ukanda huu inataka maelezo yake. Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya Umatengo huifanya resini kuwa nzito kama asali, ikajaa viputo na kuchelewa kuganda kwa siku kadhaa. Chupa zilizofungwa huweza kuwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu kabla ya kazi, na kalibu zikafunikwa kwa boksi lenye chupa ya maji moto pembeni. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lisitumike hata kidogo: hewa yake yenye sumu huua watu waliolala, na joto lake huongeza mvuke wa resini. Mbamba Bay hali ni kinyume. Ziwa liko chini ya mita 500, joto ni kali zaidi, na mchanganyiko huganda kabla fundi hajamaliza kalibu zake. Masalia yakiachwa yamejaa kikombeni huchemka yenyewe hata kutoa moshi. Yamwagwe yatandae juu ya nailoni, yagande, ndipo yatupwe. Katika masika, hewa yenye unyevu huacha utando wa mafuta juu ya pambo. Huoshwa kwa maji na sabuni, glavu zikiwa mikononi.

Kidani hutolewa kwenye kalibu baada ya saa 24 hivi, lakini kisivaliwe wala kuuzwa kabla ya siku tatu, na wakati wa baridi wiki moja. Kinachoendelea kunata baada ya hapo hakiuzwi. Kukipaka vanishi juu ni kumficha mnunuzi tatizo, si kulitatua.

Kuilinda mikono

Glavu zinazopatikana kwa urahisi ni zile za mpira wa lateksi zitumikazo katika zahanati, nazo hazifai. Epoksi huweza kuzipenya kwa muda mfupi bila kuacha tundu linaloonekana, na fundi huendelea kufanya kazi akiamini amejikinga huku kemikali imebanwa kati ya mpira na ngozi yenye jasho. Glavu za nitrili ni bora, ila nazo hubadilishwa mara zikichafuka na hazirudiwi kesho. Mikono mirefu ya shati huzuia matone. Kazi hufanyika kibarazani au penye madirisha yaliyo wazi, kalibu zikifunikwa, kwani mwambaoni inzi wadogo wa ziwani wanaopita kama wingu hupenda sana resini mbichi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kusugua kwa msasa kufanyike kwa maji, ili vumbi lisipeperuke, na kwa pambo lililokomaa tu.

Resini ikidondokea ngozi, ipanguswe kwa karatasi kavu, kisha paoshwe kwa sabuni na maji. Petroli, tina au spiriti huiyeyusha pamoja na mafuta ya asili ya ngozi, na hivyo kuisaidia kuingia ndani. Kigumishi kikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, halafu mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Meza ya kazi isiwe meza ya chakula, na watoto wakae mbali.

Iko pia resini ya chupa moja inayogandishwa kwa taa ya mwanga wa urujuanimno. Huonekana rahisi zaidi, lakini ina akrilati, jamii ya kemikali inayopatikana pia katika kucha za jeli na katika baadhi ya vifaa vya kuzibia meno. Anayepata mzio wa akrilati huenda akalazimika kumweleza daktari wa meno jambo hilo maisha yake yote.

Mgonjwa anapofika kituoni

Mzio wa epoksi ni wa aina inayochelewa. Mfumo wa kinga huhitaji wiki, miezi, wakati mwingine miaka, kuitambua kemikali kuwa adui. Baada ya hapo tone dogo linatosha. Upele hutokea saa 24 hadi 72 baada ya kugusa. Aliyefanya kazi Jumamosi huanza kuwashwa Jumatatu, akaulaumu mchicha alioula Jumapili.

Sehemu zinazoathirika ni vidole, migongo ya mikono, vikono, shingo na uso, hasa kope za macho, ambazo huvimba kwa kuguswa na vidole vichafu au kwa mvuke. Katika ngozi nyeusi wekundu unaoelezwa vitabuni hauonekani vizuri. Mhudumu atazame rangi ya zambarau au kijivu, uvimbe, malengelenge madogo, ukavu unaopasuka, na weusi unaobaki baada ya mwasho kupoa. Fangasi kwa kawaida huwa na mpaka unaojipambanua, na mara nyingi hukaa mkono mmoja zaidi ya mwingine; upele wa kuambukiza huwasha usiku na huwakumba kadhaa nyumbani. Kwa mvaaji wa mapambo, kidonda cha ndewe au alama iliyo chini ya ndoano ya kidani humaanisha nikeli ya chuma mara nyingi zaidi kuliko resini.

Maswali yanayofungua njia ni machache. Mgonjwa hufanya kazi gani, pamoja na zile za jioni asizoziita kazi? Hali hupoa akisafiri? Je, amewahi kushika gundi ya vichupa viwili? Wengi hujibu la kwanza kwa neno «mkulima», na ni kweli, kwa kuwa resini ni kazi ya pembeni.

Tiba ya kwanza ni kuacha kugusa. Bila hilo, dawa yoyote hutuliza kwa siku chache tu. Krimu ya betamethasoni hutumika mikononi kwa wiki moja au mbili, ya hidrokotisoni asilimia 1 usoni kwa muda mfupi, na mafuta mazito yasiyo na manukato mara nyingi kwa siku. Krimu za mchanganyiko zenye neomaisini ziepukwe, kwa kuwa neomaisini nayo huleta mzio. Penye usaha, homa, uvimbe mkubwa wa uso au kubanwa kwa kifua, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Uthibitisho hupatikana kwa kipimo cha kiraka: epoksi iliyozimuliwa kwa asilimia 1 hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, na ngozi husomwa siku ya pili na ya nne. Kisifanywe kienyeji kwa resini ya chupani, maana inaweza kuunguza ngozi au kumpa mzio mtu asiyekuwa nao. Penye shaka, mgonjwa apewe rufaa kwa wataalamu wa ngozi. Nchini, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu na madaktari wa fani hiyo tangu miaka ya 1990. Kwa kuwa safari kutoka Mbinga ni ndefu, mgonjwa abebe lebo za chupa zote mbili au picha zake za simu, pamoja na glavu alizokuwa akizitumia.