Oya Wana, Kuta za Kitaa Ziongee

Wana wa Kibondo na Kasulu, leo stori ni chata.   Siongelei majina ya mademu yaliyoandikwa kwa mkaa nyuma ya choo cha shule. Naongelea chata lenye hoja, lile ambalo mheshimiwa akipita na gari lake lazima apunguze mwendo asome.

Hebu cheki mtaani kwako. Kuta zinaongea kwa niaba ya nani? Kampuni ya simu imeshapaka duka la mangi rangi yake. Vyama vimebandika sura za wagombea. Na serikali nayo ina chata lake: X. Bongo hii hakuna mchoro unaotisha kama huo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kupimia katikati. X nyekundu, bomoa, fidia hamna. X ya kijani, subiri ulipwe siku eneo likihitajika. Mistari miwili tu ya brashi, familia nzima hailali. Sasa masela tunakaaje kimya na brashi tunazo?

Nairobi walishaonyesha. 2012, uchaguzi ukiwa unanukia, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji akina Swift9 na Bankslave walizama usiku, wakapiga ukuta karibu na City Market: tumbusi kakalia kiti kibosi, na huyo ndiye mbunge. Juni mwaka huohuo yakabebwa majeneza 49 mpaka Bungeni, moja kwa kila mwaka wa uhuru.

Ila ninayemkubali kinoma ni mchoraji Solo7 wa Kibera, hukohuko Nairobi. Vurugu za uchaguzi wa 2007 zimewaka, vibanda vinachomwa, mwana kashika kopo na brashi anaandika ujumbe wa amani ukuta kwa ukuta. Kopo na brashi, basi!

Na huku mafundi tunao. Wapo wanaochora vichwa vyenye panki kwenye saluni, wapo wanaoandika madigadi ya boda bila rula. Kazi ipo kwenye ukuta: tofali la kuchoma lisilo na plasta linakunywa rangi hatari. Piga kwanza nyeupe ya maji mikono miwili, iache ikauke. Chora miraba kwa mkaa, kisha hamisha mchoro toka kwenye daftari, mraba kwa mraba. Malizia na rangi ya mafuta, maana vumbi jekundu na mvua za huku havina huruma.

Uchore nini? Zahanati yenye jengo zuri na kabati la dawa tupu. Dogo anayeandikia mapajani darasani. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260: nani kalipwa fidia, nani bado? Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, kuna wana wamezaliwa kambini na sasa wanalea watoto humohumo. Hilo nalo linataka ukuta mzima.

Mwenye nyumba aombwe kwanza, maana msala ukija unaanzia kwake. Jina la mtu usiliweke kama ushahidi huna. Na maandishi yawe machache, bimkubwa anayeuza maharage sokoni aelewe bila kusomewa. Mimi ningeanzia stendi, hapo gari za Kigoma na Kakonko zinaposhusha watu.