Mtoto Asiyeinua Mkono: Jipu Linalojificha Ndani ya Bega



Sisi walimu tunawajua watoto kwa mikono yao. Katika mwaka wa nne tulikuwa na mmoja ambaye kila swali lilipoulizwa, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Juma moja akanyamaza. Tulidhani hakujifunza masomo. Tulipomwita ubaoni, alishika chaki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki umebanwa ubavuni. Tukamgusa paji la uso: moto.

Mama yake alituambia homa ilianza siku nne nyuma. Kituo cha afya walipima malaria, wakaiona, wakampa dawa. Kuhusu bega, bibi yake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto kila jioni, kwa sababu mtoto alianguka na bidoni ya maji. Hakuna aliyemtakia mabaya. Bega halikuvimba, ngozi haikubadilika. Kumbe ndani usaha ulikuwa unajikusanya.

Kwa nini halionekani?

Jipu tulilozoea huota chini ya ngozi: linavimba, linaiva, linapasuka. La bega linafunikwa na nyama nene. Mara nyingi linaletwa na vijidudu vinavyoitwa stafilokoki, ambavyo hukaa puani na kwenye ngozi ya watu wengi wazima bila kuwadhuru. Vikipata njia, kama kidonda, upele uliokunwa au sindano isiyo safi, vinaweza kuingia katika damu na kutulia ndani ya msuli, pengine pale pale palipoumia.

Siku za kwanza msuli unauma na kuwa mgumu tu. Baadaye usaha unajaa na homa inapanda. Tukikawia, vijidudu vinaenea mwilini na vinaweza kuua. Usaha ukiwa ndani ya kiungo chenyewe, haraka inahitajika zaidi: siku chache zinatosha kuharibu kiungo, na mtoto akabaki na mkono mkavu maisha yake yote.

Mtoto mchanga hawezi kusema. Yeye anaacha kusogeza mkono kama umepooza, analia ukimvalisha au ukimshika kwapani ili umbebe mgongoni. Pengine hana hata homa. Tuwaangalie zaidi watoto wenye anemia SS na wale wenye utapiamlo.

Daktari anatafuta namna gani?

Kwanza analinganisha mabega mawili, anabonyeza, anajaribu kusogeza mkono. Kisha anaomba vipimo vya damu na ekografi, mashine ile ile tunayoijua wakati wa mimba. Hiyo inaonyesha kama kuna maji au usaha, na uko wapi. Picha ya radio inasaidia kuona mfupa uliovunjika, lakini siku za kwanza mara nyingi haionyeshi jipu. Kwa hiyo picha nzuri isitulaze usingizi.

Mwishoni anachoma sindano na kuvuta. Usaha ukitoka, jibu limepatikana, na maabara inatafuta ni kijidudu gani. Hapo wanautoa wote na kumpa mgonjwa antibiotiki kwa majuma kadhaa. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi usaha ukishajaa. Vile vya kununua ovyo dukani vinaweza kutuliza homa kwa muda na kumchelewesha mtoto. Kama uvimbe unakua polepole, bila moto, kwa majuma mengi, daktari atafikiria pia kifua kikuu, kwani nacho kinashika mifupa na viungo.

Mtoto wetu alipelekwa hospitali siku ile ile. Ekografi iliona usaha chini ya msuli wa bega, wakautoa. Alirudi darasani baada ya majuma matano. Siku ya kwanza alinyoosha mkono wa kulia: aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Tulimruhusu kwa furaha.

Tufanye nini nyumbani?

Mtoto akiwa na homa na kulalamika bega, mwambie ainue mikono yote miwili kama darasani. Mmoja ukikataa, safari ni leo, si kesho. Usimkande, usimchanje, usimwekee majani ya moto. Kwa muuguzi, taja mambo yote mawili: homa na mkono. Hata malaria ikionekana, omba bega liangaliwe, kwa maana katika maeneo yetu mtoto anaweza kuwa na malaria katika damu na ugonjwa mwingine pia. Dawa ikimalizika na homa ingalipo, rudi.

Tunajua safari na ekografi vinaomba pesa. Vikundi vyenye sanduku la AVEC vizungumze mapema namna ya kumkopesha mama siku hiyo hiyo, bila kungoja siku ya mkutano. Na tunaojua kusoma, tuwasomee wenzetu ukurasa huu kabla ya kufungua sanduku.