Kadi Kubwa, Bando Dogo

Kadi ya arusi ya binamu yangu niliitengeneza mwenyewe huku Scarborough, mashariki ya Toronto. Maua yanachanua, jina la bibi arusi linang'aa, vumbi la dhahabu linadondoka kadi nzima. Nikaituma Zanzibar kwa WhatsApp kama hati, ili isipoteze sura. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa shangazi: "Mwanangu, hiyo kadi inazunguka tu, haifunguki, na bando langu limekwisha."

Ilikuwa GIF, zile picha zinazocheza na kujirudia bila sauti. Upana pikseli 800, urefu 600, fremu 30. Kila fremu ina pikseli 480,000, na kabla ya kubanwa kila pikseli hula baiti moja. Jumla inapita MB 14. GIF ni teknolojia ya mwaka 1987. Michoro ya rangi bapa inaibana vizuri, lakini picha ya kamera huishinda. Yangu ilibaki na MB 9.

Wengi hukimbilia kupunguza umbo. Mimi sikutaka: shangazi husoma bila miwani, na jina la bibi arusi halifai kuwa sisimizi. Nilipunguza fremu kutoka 30 hadi 15, kila moja ikakaa mara mbili ya muda wake, na uzito ukashuka karibu nusu. Kisha rangi, kutoka 256 hadi 64. Kwenye maua na maandishi sikuona tofauti, ila kwenye picha ya uso iliyokuwamo kadini ngozi ilifanya mabaka. Programu ikajaribu kuyaficha kwa kutawanya vidoadoa, na vidoadoa hivyo ndivyo vinavyorudisha uzito. Uso nikautoa. Lakini kilichosaidia kuliko vyote ni kuliondoa lile vumbi la dhahabu. GIF iliyotengenezwa vizuri huhifadhi tu sehemu iliyobadilika kati ya fremu moja na nyingine; kitu kikidondoka kadi nzima, hakuna sehemu iliyotulia. Nililipenda vumbi lile, lakini lilikuwa likimlia shangazi pesa.

Sasa gharama. Photoshop hulipiwa kila mwezi, na Ontario wanaongeza kodi ya HST asilimia 13. Angalia sana mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi: ukiuvunja mapema unatozwa ada, na mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, kampuni yenye Photoshop, ikidai ada hiyo ilifichwa. Kwa kadi moja ya arusi, huo ni wazimu. Mkazi wa Toronto hupata kadi ya maktaba ya umma bure, na Toronto Reference Library pale Yonge Street ina chumba cha teknolojia chenye kompyuta za programu za Adobe. Unaweka nafasi, unalipa nauli ya TTC, usafiri wa umma wa mji, basi.

Ukitaka kubaki nyumbani, programu ya GIMP ni bure, ila inataka subira. Ezgif inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu, nayo ni bure. Bei yake ni kwamba picha za familia unazipandisha kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Mimi hutumia gifsicle, ambayo haina vitufe, unaiandikia amri tu: -O3 --lossy=80 --colors 64. Kadi ikafika MB 2 na kidogo, umbo lilelile.

Hata hivyo, kwa WhatsApp yote hayo ni kuzunguka mbuyu. Geuza kadi iwe video ya MP4 isiyo na sauti, kwa FFmpeg, ambayo pia ni bure. Ubanaji wa video unafuata mwendo wa kitu kutoka fremu hadi fremu, jambo ambalo GIF haijui. Yangu ilishuka chini ya MB 1, pikseli 800 zikiwa palepale, na hata vumbi la dhahabu nikalirudisha.

GIF niliiacha kwa wageni wa barua pepe, maana huko video kwa kawaida haichezi ndani ya ujumbe. Outlook za zamani za kompyuta huonyesha fremu ya kwanza tu, kwa hiyo tarehe na ukumbi viwe kwenye fremu hiyo, visingoje maua yachanue.

Shangazi alijibu jioni: "Imefunguka, mashallah. Sasa mbona saa hujaandika?"