Grafu tatu za mauzo, kipimo kimoja

Wafanyabiashara wenzangu, hii ni ya wale mnaochora mauzo yenu kwa Python. Kama hujaanza, Google Colab inafunguka hata kwenye simu, unahitaji akaunti ya Google na bando tu. Matplotlib, programu ya kuchorea grafu aliyoianzisha John Hunter, utaikuta humo tayari.

Tuseme unauza viatu mtandaoni na oda zinatoka Kahama, Shinyanga mjini na Katoro. Kwa wiki tatu Kahama wamechukua pea 42, 51, 60. Shinyanga 18, 22, 25. Katoro 3, 4, 6. Ukichora kila sehemu kivyake, mistari yote mitatu inaanzia chini kabisa na kupanda mpaka juu kabisa. Yaani Katoro inaonekana inakimbia sawa na Kahama! Ni kwa sababu Matplotlib usipoiambia kitu, kila grafu inajipangia kipimo kinachotosha namba zake yenyewe. Namba za pembeni zipo, sawa, lakini nani anazisoma usiku saa tano akiwa amechoka? Unaangalia mstari, unapakia mzigo mkubwa kwenye basi la Katoro, viatu vinalala na mtaji umelala navyo.

Andika hivi:

import matplotlib.pyplot as plt
kahama = [42, 51, 60]
shinyanga = [18, 22, 25]
katoro = [3, 4, 6]
plt.rcParams['font.size'] = 14
plt.rcParams['lines.linewidth'] = 3
fig, ax = plt.subplots(1, 3, sharey=True)
ax[0].plot(kahama)
ax[1].plot(shinyanga)
ax[2].plot(katoro)
ax[0].set_ylim(bottom=0)
plt.show()

Kazi kubwa inafanywa na sharey=True. Hapo grafu zote tatu zinatumia kipimo kimoja cha wima, na namba zinaandikwa kushoto tu, mara moja. Sasa Katoro inakaa chini, mahali pake. Mstari wa set_ylim unaanzisha kipimo kwenye sifuri. Umegusa grafu moja lakini zote zinafuata kwa sababu zimeunganishwa. Uweke baada ya kuchora, maana ukiutanguliza, kipimo cha juu kinaganda na mistari yako inatoka nje ya picha.

Hizo rcParams ni za muonekano: ukubwa wa maandishi, unene wa mstari. Ziandike juu mara moja, kila grafu inayofuata inazichukua. Kwenye kioo cha simu maandishi ya 14 yanasomeka vizuri zaidi kuliko 10 ya kawaida.

Ila usiunganishe kila kitu. Pea na shilingi haviwezi kukaa kipimo kimoja: pea 60 kando ya shilingi 900,000 zitalala chini kama hujauza kabisa. Hapo toa sharey. Hata Katoro, ukitaka kujua kama inakua, ichore peke yake, maana kutoka 3 hadi 6 ni mara mbili na kwenye picha ya pamoja hutaiona vizuri.

Kurudisha muonekano wa mwanzo andika plt.rcdefaults(). Inafuta rcParams zako. Sharey haiguswi, hiyo utaitoa mwenyewe kwenye mstari wa subplots.